Mgema wa Gataka Aambiwe Nini?

Miaka mitatu iliyopita jirani yangu mmoja wa hapa Gataka, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitualika watu wanne nyumbani kwake jioni ya Jumamosi. Nyuma ya nyumba hiyo, pale ambapo mahindi yalikuwa yamemkataa misimu minne mfululizo, alikuwa amepanda mizabibu 60 ya aina ya Sauvignon Blanc, akaitandaza juu ya nguzo na nyaya, akailea kama mtu aleavyo wajukuu. Mavuno ya kwanza yalikuwa yamempa lita 20 za divai nyeupe. Akammiminia kila mmoja wetu kiasi cha kikombe cha kahawa, akaketi mbele yetu, akauliza: "Haya, walimu wenzangu, mwaionaje?"

Msomaji na atusikilize sisi wasomi. Wa kwanza alisema ni nzuri. Wa pili akasema ni tamu sana, ilhali haikuwa na hata chembe ya sukari. Wa tatu akasema iko sawa kabisa. Nami, niliyetumia miaka ya ujana wangu kuandika tasnifu juu ya msamiati wa Kiswahili, nikafikiri kidogo, kisha nikasema si mbaya. Mwenyeji wetu alifurahi mno.

Masazo ya chupa yalipelekwa langoni kwa mlinzi, mzee wa Kaloleni ambaye kabla ya kuja bara alikuwa mgema. Hakuna aliyemtaka maoni. Lakini asubuhi ya kesho yake alimwendea mwenye nyumba akamwambia: "Mwalimu, tembo lako lanukia mapera, na hilo ni jema. Ila nyuma yake lina siki. Chombo hakikujaa, kimeingia pumzi. Usipoliangalia, mwakani litakupotea lote." Jirani yangu alimshukuru kwa adabu, wala hakufanya lolote. Kwa nini ahangaike, na walimu wanne, mmoja wao mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, wamekwisha kutoa hukumu? Mwaka uliofuata alipata lita 90, akazitia katika mapipa yale yale, mengine yakiwa nusu tupu, na kufikia mwezi wa Agosti lita zote 90 zilikuwa siki. Mkewe hadi leo anaitilia kachumbari.

Nimekuwa nikifundisha methali kwa muda mrefu, nami kama walimu wengi nimezoea kueleza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikiinyosha methali hiyo kama kidole kwa mgema: asijivune, asivimbe kichwa. Tangu mkasa wa lita 90 nimeanza kushuku kwamba tumekuwa tukimlaumu asiye mkosa. Mbona hatumuulizi msifu? Alisifu nini, na kwa maneno gani? Mgema aliyeambiwa "tamu" hakuambiwa kitu. Hajui kilichopendeza ili akihifadhi, wala kilichopungua ili akitengeneze.

Kabla sijarudi kwa maneno, niseme machache juu ya kitu chenyewe, kwa kuwa wapo watakaodhani kwamba zabibu na Kajiado ni mambo mawili yasiyokutana. Yamekwisha kukutana. Marehemu Richard Leakey, mtafiti wa visukuku aliyefariki tarehe 2 Januari 2022, alikuwa na shamba la mizabibu upande wa vilima vya Ngong, pale ardhi inapoporomoka kuelekea Bonde la Ufa, akatengeneza divai. Kule Naivasha kumekuwa na divai iliyoitwa Leleshwa, jina la Kimaasai la kile kichaka chenye majani ya kijivu ambacho kila aliyesafiri kwenda Magadi au Narok amekiona. Ukilisugua jani lake mkononi linanukia kama kafuri. Na kwa majirani zetu wa Tanzania jambo hili si geni hata kidogo. Dodoma ilipokea mizabibu kutoka kwa wamisionari Wakatoliki, ina kituo cha utafiti huko Makutupora, na wakulima wake huvuna mara mbili kwa mwaka.

Hayo mavuno mawili ndiyo siri na ndiyo taabu ya mzabibu katika nchi za ikweta. Mmea huu umezoea kulala. Katika Ufaransa baridi ya kipupwe huuvua majani, ukapumzika miezi kadhaa, kisha ukaamka wote kwa pamoja. Hapa kwetu hakuna wa kuulaza. Usipoupogoa utakuwa na ua tawi hili, zabibu bichi tawi lile, na zilizooza kule nyuma. Kwa hiyo mkulima ndiye kipupwe: hukata matawi yote kwa mkupuo mmoja, akayaacha macho mawili matatu, na kuanzia siku hiyo huhesabu miezi minne hadi mitano. Jirani yangu hupogoa mwezi wa Septemba ili avune Februari, jua likiwa kali na mvua za masika hazijaanza. Akikosea akavuna katika mvua, ukungu humtangulia. Na usipoingia ukungu huja kuzumburu, ndege wale wenye mikia mirefu wasioona haya, wanaoonja kila kishada na kutomaliza hata kimoja.

Kinachotusaidia huku ni mwinuko. Eneo hili la Ongata Rongai na viunga vyake liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huipikia zabibu sukari. Usiku baridi huilindia ukali wake na harufu yake. Zabibu iliyolala katika joto hupoteza vyote viwili, ikabaki na sukari tupu. Udongo nao si wa kuuchezea. Ule mweusi ulioenea kuelekea Kitengela, unaonata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa jua liwakapo, huishika mizizi ya mzabibu katika maji hadi ikaoza. Aliye na mteremko wenye changarawe ana bahati, hata kama mahindi hayamtaki.

Sasa utengenezaji. Divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, maji yake peke yake ndiyo yakaachwa yachachuke. (Kuiita nyeupe ni mazoea tu, kwa maana rangi yake ni ya majani makavu, na mwenye kutaka kitu cheupe na anywe maziwa.) Jirani yangu huvuna alfajiri, zabibu zikiwa bado na baridi ya usiku, akakamua kabla ya saa nne. Hamira huila sukari ile, ikatoa kileo na gesi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hugeuka asilimia moja ya kileo, kwa hiyo maji ya zabibu yenye gramu 200 hivi huishia karibu na asilimia 12. Kama kazi hii ikifanyika katika joto kali, gesi itokapo huchukua na manukato yote ikaenda nayo, nyumba nzima ikanukia na chupa isinukie. Ndiyo maana wenye kuijua kazi hii huipoza divai ya namna hii, nyuzi 12 hadi 18 hivi za Selsiasi, wakaiacha ichachuke polepole kwa wiki mbili tatu. Hamira ikishaimaliza sukari yote, ikabaki chini ya gramu 4 katika lita, hapo ndipo Waingereza na Wafaransa huiita divai "kavu".

Na hapo ndipo niliposhikwa. Yule jirani, baada ya hasara yake, alinijia na ombi: nimwandikie kibandiko cha chupa kwa Kiswahili sanifu. Divai nyeupe, kavu, yenye harufu. Maneno matano tu! Nilikaa na maneno hayo matano kwa wiki nzima. Nilipoyaandika ubaoni mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, darasa lilicheka. "Kavu vipi, Daktari, na inamiminika?" Walikuwa na haki. Kwa msemaji wa Kiswahili mto hukauka, nguo hukauka, ng'ombe hukauka maziwa, na kila mara kikaukacho hakina majimaji tena. Tafsiri ya neno kwa neno hapa haielezi kitu, humlazimu msomaji aende kwanza Ulaya ndipo arudi aelewe.

Wagema wa pwani walikwisha kulitatua jambo hili kabla yetu. Kwao kuna tembo tamu, lililogemwa sasa hivi, na kuna tembo kali, ambalo sukari yake imekwisha kuliwa. Jozi hiyo ni kamili, lakini imekuja na mtego wake. Ukiandika "divai kali" katika Kenya ya leo mnunuzi atadhani umemwongezea kileo. Nilipomuuliza mzee wa Kaloleni yeye angesemaje, alijibu bila kufikiri: "Mimi ningesema si tamu." Nimezunguka kote, katika kamusi zote nilizo nazo, nikarudi hapo hapo. Divai isiyo tamu. Mtu yeyote wa Vanga hata Turkana akiisoma atajua kilichomo chupani.

Majina mengine ya kazi hii yana historia inayofaa kusimuliwa darasani. Zabibu kwa Kiarabu ni ile iliyokaushwa. Mbichi ina jina lake, inabu. Waswahili walichukua jina la kavu wakalipa tunda lote, na sababu yake si ngumu kuikisia: tunda bichi haliwezi safari ya jahazi, lakini lililokaushwa liliweza. Mvinyo tumeachiwa na Wareno. Divai, kwa maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi, ni Kifaransa kilichoingia pamoja na mapadri, wale waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na mpaka leo neno hilo lina sauti ya altare ambayo mvinyo haina. Hamira yetu ya mandazi nayo ni ndugu wa tumbo moja na khamri ya Waarabu iliyoharamishwa. Mzizi ni mmoja, kuchachuka. Na kama ungefika kwa wenyeji wa Kajiado kabla ya haya yote, Wamaasai wangekuonyesha pombe yao ya asali, enaisho. Watu wa nchi hii hawakungoja zabibu ndipo wajue kuchachua.

Lakini utajiri mkubwa uko katika harufu, na ndio tunaoufuja. Tazama vitenzi vitatu: kunuka, kunukia, kunusa. Mzizi ni mmoja. Kiambishi kidogo cha kutendea kimekitoa kitenzi cha kwanza katika uvundo kikakitia katika manukato. Kiambishi kingine cha kale, cha kusababisha, kikatupa kunusa. Lugha iliyofanya kazi hiyo yote katika mzizi mmoja si lugha ya watu wasiojali pua zao. Tuna rihi na marashi, udi na ubani, asmini na mkadi. Upande wa pili tuna shombo, uvundo, kikwapa na harufu ya yai viza. Hiyo ya yai viza, nimekuja kujua, ni ugonjwa halisi wa divai, unaotokea hamira inapokosa chakula cha kutosha katika maji ya zabibu. Mkulima akiambiwa "ina harufu mbaya" atatafuta mwaka mzima. Akiambiwa "yanuka yai viza" atajua aanzie wapi.

Nilisoma kidogo juu ya kemia ya jambo hili, nikastaajabu. Zipo zabibu ziitwazo Muscat ambazo harufu yake inatokana kwa sehemu kubwa na kemikali mbili, linaloli na geranioli. Ya kwanza imo katika rihani na katika mbegu za dhania. Ya pili imo katika waridi. Kwa hiyo mama wa Lamu aliyevaa kikuba cha rihani na asmini, ambaye maisha yake yote hajagusa kileo na hatakigusa, ana ujuzi wa kuinusa divai hiyo kuliko mimi. Sauvignon Blanc ya jirani yangu nayo ina kemikali iliyomo katika pilipili hoho mbichi, na ina nyingine zinazonukia mapera na karakara. Hizi za pili zimefungwa ndani ya zabibu bila harufu yoyote. Hamira ndiyo huzifungua. Mzee wa Kaloleni alisema mapera. Hakusoma popote.

Kwa ulimi tuna zaidi. Ugwadu ni ule ukali wa ukwaju na embe bichi, unaojaza mate kinywani. Ukakasi ni mwingine kabisa: ni wa bibo na ndizi mbichi, unaokausha ulimi na kuukwaruza. Wanafunzi wangu wengi huyachanganya maneno haya mawili, na wengine hawajapata kuyasikia. Divai nyeupe nzuri inatakiwa iwe na ugwadu wa kutosha na isiwe na ukakasi. Ikiwa nao, basi maganda na mbegu zilikamuliwa kwa nguvu kupita kiasi. Isiyo na ugwadu ni chapwa, au dufu. Ladha iliyotimia hukolea, kama chumvi katika mchuzi. Haya yote yamo katika kamusi, na yamo vinywani mwa watu wa pwani kila siku. Yanayoingia katika insha za wanafunzi ni mawili tu, tamu na nzuri, na wakitaka kusisitiza huongeza "sana". Nimesahihisha insha juu ya karamu ambamo pilau ilikuwa tamu, ndizi zilikuwa tamu, sharubati ilikuwa tamu, na hotuba ya mgeni wa heshima nayo ilikuwa tamu.

Sipendekezi mwalimu yeyote aingie darasani na chupa. Sheria ya 2010 inakataza kuwauzia kileo walio chini ya miaka 18, na hata isingekataza, adabu ingetosha. Wapo pia wasomaji wangu ambao dini yao imewafungia mlango huu, nami siwabishii hodi. Lakini ukwaju si haramu. Bibo, rihani, pera, limau, jani la mnyanya lililofinywa kati ya vidole: hivyo vyote huingia katika mfuko mmoja wa sokoni kwa bei ya daftari. Nilivipeleka katika semina yangu muhula uliopita, nikawafunga wanafunzi macho kwa leso, nikawakataza maneno mawili yale. Dakika kumi za kwanza zilikuwa za kimya cha aibu. Kisha msichana mmoja wa Kilifi alinusa kitu mkononi mwake akasema, "Hii ni harufu ya nywele za nyanya yangu siku ya harusi." Ilikuwa rihani. Sijapata kusahihisha insha yenye sentensi kama hiyo.

Jirani yangu hakukata tamaa. Mapipa aliyatupa, akanunua vyombo vya chuma kisichoshika kutu vinavyojaa hadi shingoni, akavifunga kwa kizibo chenye mpira ambao ncha yake inazama katika maji, gesi ikatoka na pumzi isiingie. Maana siki haina uchawi wowote. Ni kazi ya bakteria wanaohitaji hewa ili wageuze kileo kuwa asidi. Ukiwanyima hewa, na ukaosha vyombo, umewanyima kazi. Mzee alikuwa amelisema hilo kwa sentensi moja, bila bakteria.

Mwezi wa Julai mwaka huu tulialikwa tena, watu wale wale wanne, na safari hii mzee wa Kaloleni alipewa kiti kati yetu. Mwenyeji alituwekea daftari mezani. Tulinusa kwanza, kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya watu wenye kiu. Yule aliyesema "nzuri" mara ya kwanza alisema jani la mnyanya. Wa pili alitaja karakara, akasita, akaongeza kwamba haijaiva barabara. Wa tatu aliona ugwadu unatosha na ukakasi hakuna, na nikaliandika hilo kwa furaha ya mwalimu. Nami nilisema pera, lakini nakiri kwamba nililiazima.

Mzee alikuwa wa mwisho. Alikunywa funda moja, akafumba macho, akalingoja. "Hili halina siki," alisema. "Linanukia vizuri kushinda lile. Lakini halikai. Likifika ulimini linakwenda zake."

Jirani yangu aliandika neno hilo, halikai, akalitazama. Kisha akatuambia, kwa sauti ya chini, kwamba wiki ya mwisho kabla ya kuvuna aliona vishada vidogo, akaogopa hasara nyingine, akafungulia mizabibu maji siku tatu mfululizo.

Mzee wa Kaloleni alicheka mpaka akakohoa.